Mwanangu, kuhusu kuacha chaki uingie kwenye siasa

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema wamekufuata ugombee ubunge kwenye bunge la jimbo la Alberta, huko Kanada, na unaniuliza mimi mama'ako mwalimu mstaafu, hivi mwalimu anaiweza siasa kweli? Tangu juzi silali vizuri, maana hili jambo nalipenda na linanitisha vilevile.

Unamkumbuka yule William Aberhart niliyekuwa nasoma habari zake maktaba kipindi kile nimekuja kukaa kwako Calgary? Mkuu wa shule ya sekondari Crescent Heights tangu 1915, pembeni anahubiri, na kuanzia 1925 mahubiri yakawa yanaenda redioni, wakulima huko mashambani wakaijua sauti yake kabla ya sura. Ikaja miaka ya 30, bei ya ngano ikaporomoka, ukame juu yake, watu wana madeni ya benki hawalali, na vijana aliowafundisha mwenyewe wanamaliza shule hawana pa kwenda. Kiangazi cha 1932 yuko Edmonton anasahihisha mitihani, mwalimu mwenzake akamshawishi asome kitabu cha Social Credit, ile nadharia kwamba bidhaa zipo ila watu hawana pesa mkononi za kununulia. Hapo ndo kila kitu kilipobadilika.

Alichofanya ni kazi yetu ileile, alichukua jambo gumu akalirahisisha, akalirudia redioni wiki hadi wiki mpaka mtu wa shambani akaweza kumweleza jirani yake. Akaahidi dola 25 kwa mwezi kwa kila mtu mzima. Agosti 1935 chama chake cha Social Credit kikachukua viti 56 kati ya 63 vya bunge la jimbo, chama kilichokuwa kinatawala hakikupata hata kimoja, na yeye mwenyewe hata hakugombea, akaja kuingia bungeni kwa uchaguzi mdogo akiwa tayari waziri mkuu wa jimbo.

Zile dola 25 hazikulipwa mwanangu. Mambo ya benki ni ya serikali kuu, jimbo halina mamlaka hayo, sheria zake zikawa zinagonga mwamba. Mimi hilo namsamehe, njaa aliyoiona ilikuwa ya kweli.

Ninaloshindwa kumsamehe ni lingine. 1936 serikali yake ilipitisha sheria ya wananchi kumng'oa mbunge wao wakipata saini za theluthi mbili ya wapiga kura, sheria nzuri tu, lakini mwaka uliofuata wapiga kura wa eneo lake mwenyewe la ubunge, Okotoks-High River, walipoanza kukusanya saini dhidi yake, serikali yake ikaifuta. Mwaka huohuo wa 1937 wakapitisha bungeni muswada wa kuyalazimisha magazeti yachapishe masahihisho ya serikali, Mahakama ya Juu ya Kanada ikautupa 1938. Ni kama amezoea darasa, akisema yeye wengine wanaandika, na anayenyoosha mkono kupinga anaonekana mtovu wa adabu.

Na mazuri yapo, usije ukadhani namponda. Wizara ya elimu aliishika mwenyewe, akaunganisha vile vishule vidogovidogo vya vijijini viwe chini ya bodi kubwa, na hata huo uanachama wako wa lazima kwenye chama cha walimu Alberta unatokana na sheria ya 1936, kipindi chake. Alifia madarakani 1943, na aliyemrithi ni mwanafunzi wake, Ernest Manning.

Kwahiyo kuongea utaweza, nimekuona darasani. Mimi wasiwasi wangu upo kwingine. Mwaka wangu wa pili kazini kuna mtoto alisimama akanionyesha nimekosea hesabu ubaoni, nikamtoa nje, na alikuwa sahihi. Mpaka leo naiona sura yake. Kabla sijakujibu ndio au hapana, niambie na wewe, mara ya mwisho mwanafunzi alipokusahihisha mbele ya wenzake ulimfanyaje?

Mama'ako