Kuchora mifereji ya nanomita kwenye fuwele: ya kujua kabla hujashusha sindano

Anayeanza kazi hii huuliza kwanza abonyeze kwa nguvu kiasi gani. Jibu la nguvu peke yake halimsaidii sana. Mikronyutoni 10 zilezile huchimba kina tofauti kutegemea ncha ya sindano, upande wa fuwele unaokwaruzwa, na hali ya hewa ya chumba. Hapa Dar hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wengi, kwa sababu maelekezo mengi yaliyoandikwa yanachukulia kwamba chumba ni kikavu.

Tunazungumzia kuchora kwa hadubini ya nguvu za atomu, chombo kinachopapasa uso kwa sindano ndogo sana, ambacho Binnig, Quate na Gerber walikitambulisha mwaka 1986 kwa ajili ya kutazama. Sindano yake ya kawaida ya silikoni, yenye mkono (kijibao chembamba kinachoishikilia na kupinda inapogusa) wa ugumu wa kupinda wa takriban nyutoni 40 kwa mita, iachie kazi hiyohiyo ya kutazama. Ukiiburuta kwa nguvu juu ya silikoni, inayolika ni yenyewe. Kwa kuchora chukua ncha ya almasi kwenye mkono mgumu, tuseme nyutoni 200 kwa mita, na uhakikishe ugumu huo kwa kupima. Namba ya kwenye boksi ni ya kukadiria tu.

Hesabu yake ni fupi. Bonyeza ncha juu ya yakuti safi, usome mkono umepinda nanomita ngapi kwa kila volti ya kipokezi cha leza inayofuatilia kupinda huko. Ukipata nanomita 100 kwa volti na ukaweka volti 0.5, mkono umepinda nanomita 50. Zidisha kwa ugumu wa mkono, 200: mikronyutoni 10. Ugumu wa silikoni yenyewe dhidi ya kubonyezwa ni kama gigapaskali 12, kwa hiyo ukigawanya nguvu kwa ugumu huo, eneo la mguso litakuwa takriban nanomita za mraba 830. Kama ncha ina nusu kipenyo cha nanomita 50, ukibonyeza bila kuburuta kina ni karibu nanomita 3. Ukianza kuburuta, upande wa nyuma wa ncha unaacha kubeba mzigo, basi inazama zaidi. Sasa ncha hiyo ikichakaa hadi nanomita 100, kina cha kubonyeza kinashuka hadi nusu, wakati kompyuta bado inaonyesha volti 0.5. Ndiyo maana mfereji wa asubuhi na wa jioni hukataa kufanana, na mtu anabaki kuilaumu programu.

Silikoni huvunjika kama kioo, lakini kwa kina kidogo inakubali kufinyangika. Chini ya ncha mgandamizo ukifika gigapaskali 11 hadi 12, mpangilio wa atomu hubadilika kuwa wa kimetali na unatiririka; mzigo ukiondoka haurudi ulivyokuwa, mara nyingi hubaki bila mpangilio kabisa. Kina chako kibaki kwenye makumi ya nanomita. Ukiona kingo zimebanduka vipande badala ya kuinuka matuta laini, umezidisha, na kuongeza mizunguko kwa mzigo uleule hakutakuokoa. Afadhali upunguze mzigo na kupita mara nyingi zaidi.

Kukata sampuli: bamba la silikoni la uso (100), yaani lililokatwa sambamba na uso wa mchemraba wa fuwele, lichane ukingoni tu kwa kalamu ya almasi, milimita tatu au nne, sambamba na ule ukingo ulionyooka wa bamba la duara. Weka njiti ya kiberiti chini ya mchano, bonyeza pande zote mbili. Usiburute kalamu bamba zima. Vumbi lake litakusumbua wiki nzima. Osha kwa asetoni dakika tano, kisha isopropanoli dakika tano kabla asetoni haijakauka, maana ikikaukia inaacha madoa. Puliza kwa naitrojeni. Kubandika tumia gundi ya epoksi, uiache ikauke usiku kucha. Tepu ya pande mbili ni rahisi, lakini kwenye joto letu hujivuta polepole na sampuli inasogea katikati ya mchoro.

Tuje kwenye unyevu. Fuwele za chumvi ya kawaida zinapendwa na wanaojifunza, kwa kuwa ni laini na hupasuka vizuri kwa wembe. Tatizo ni kwamba chumvi huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukifika asilimia 75, na Dar kufika hapo ni jambo la kawaida, masika ndiyo usiseme. Mfereji uliochora unajifuta ukiutazama. Weka hadubini ndani ya boksi lenye silika jeli na kipima unyevu, na usipasue fuwele mpaka kila kitu kiwe tayari. Kama huna boksi, achana na chumvi, chukua ulanga, yaani maika: bandua tabaka la juu kwa tepu upate uso mpya, na ngazi zake za nanomita 1 zitakusaidia kuhakiki kipimo cha wima. Kwa silikoni na ncha ya almasi maji hayabadilishi mengi. Ukitumia ncha ya silika (oksidi ya silikoni) hesabu inageuka, kwani maji husaidia kukata vifungo vya atomu na mfereji unatokea kwa mzigo mdogo mno.

Usivutiwe kuanza na tanzanaiti kwa sababu tu ni yetu. Ina upande mmoja inakopasuka kirahisi sana, na utachanganya mpasuko na mchoro.

Mtikisiko: malori ya bandarini na mwendokasi yanafika hadi kwenye picha yako. Kipande cha graniti kilichobaki kwa mafundi wa meza za jikoni, kikining'inizwa kwa kamba za mpira za kufungia mizigo kwenye bodaboda, kinafanya kazi ya heshima. Urefu wa kamba uongezeke kama sentimita 25 chini ya uzito, ndipo mtetemo wake wa asili uwe karibu na hezi 1. Kiyoyozi kisipulize moja kwa moja juu ya chombo. Washa kila kitu, subiri saa nzima joto litulie. UPS, yaani betri ya akiba, ni lazima: umeme ukikatika ncha ikiwa chini, umepoteza ncha na sampuli.

Wakati wa kuchora, buruta kwa pembe mraba na urefu wa mkono. Ukiburuta kwa kufuata urefu wake, msuguano unaupinda, na mzigo wa kwenda hautalingana na wa kurudi. Anza na ngazi ya mistari: mikronyutoni 2, 5, 10, 15, 20, kasi ya mikromita 1 kwa sekunde, kisha rudia seti nzima sampuli ikiwa imezungushwa nyuzi 45. Tofauti utakayoiona ni ya fuwele yenyewe, hivyo andika pembe ya kila mstari dhidi ya ukingo ulionyooka.

Kutazama matokeo, badilisha uweke sindano kali ya silikoni inayogusa kwa kudundadunda. Ncha butu ya almasi haifiki sakafu ya mfereji ikiwa imechakaa baada ya kuuchora, na itakuonyesha kina pungufu. Vumbi lililolala kando lioshe kwanza kwa isopropanoli. Usipime kina kuanzia juu ya tuta. Pima kuanzia uso ambao haujaguswa, mikromita moja au mbili kutoka ukingoni.