Ukurasa wangu wa ufundi wa majahazi hausomwi. Nifanyeje?

SWALI: Assalaam alaikum mwalimu. Mimi ni kijana wa Matondoni, Lamu. Baba na ami zangu ni mafundi wa mashua na majahazi, nami huwasaidia. Miezi michache iliyopita nilifungua blogu ndani ya Facebook, ukurasa niliouita "Maisha ya Pwani", ili niandike juu ya ufundi wetu na mambo ya Lamu. Nina wafuasi 340, wengi ni jamaa na marafiki. Nikiweka picha ya jua likitua Shela napata laiki kama 100. Nikiandika makala ya kupiga kalafati, yaani kuziba kwa pamba nafasi kati ya mbao za chombo, napata saba. Rafiki yangu ananishauri ninunue wafuasi 5,000, eti ukurasa uonekane mkubwa. Mwengine anasema niandike Kiingereza ili watalii wasome. Nifuate lipi? Na je, makala ndefu zina nafasi Facebook, au nihamie kwengine?

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Usinunue mfuasi hata mmoja. Naanza na hilo kwa sababu linaweza kukuharibia kazi kwa siku moja, na kuirekebisha ikachukua muda mrefu.

Facebook haiwaonyeshi wafuasi wako wote kila unachoweka. Huwaonyesha wachache kwanza, halafu inatazama wamefanya nini: wamesimama wakasoma, wameandika maoni, wamemtumia mtu mwengine, au wamepita tu. Wakiitikia, chapisho linasukumwa kwa wengine, hata wasiokufuata. Januari 2018 kampuni hiyo ilitangaza wazi kwamba itayapa uzito zaidi machapisho yanayowafanya watu wazungumze wao kwa wao. Sasa piga hesabu. Una wafuasi 340 wa kweli, unaongeza 5,000 wa kununua ambao nyuma yao hakuna mtu. Katika kila akaunti 16 zinazokufuata, moja tu ndiyo yenye macho ya kusoma. Ukiweka makala, hao wachache wa kwanza wanaoonyeshwa karibu wote ni hewa. Hawaitikii, na mtambo wa Facebook unahitimisha kwamba makala haina faida kwa mtu. Hata ami zako huenda wasiione. Na Facebook hufuta akaunti bandia kila mara, kwa hiyo hata ile idadi uliyoilipia haikai.

Twende kwenye laiki 100 za machweo na saba za kalafati. Picha ya jua likitua inapigwa kila jioni kuanzia Kiunga hadi Vanga. Mtu anaibonyeza akiwa anapita, na kesho hakumbuki ameiona kwa nani. Nakuomba ufungue orodha ya wale saba umtazame mmoja mmoja. Kama kuna mvuvi wa Kizingitini, au fundi wa Malindi usiyemjua, hao ndio wasomaji wako wa kwanza wa haki. Waandikie, waulize wana vyombo gani na vinawasumbua wapi. Tangu leo acha kuhesabu laiki. Hesabu maoni, waliosambaza, waliohifadhi, na waliokutumia ujumbe wa faragha kuuliza jambo. Facebook inakuonyesha sehemu kubwa ya takwimu hizo bure ndani ya ukurasa wako.

Jina pia linakuangusha. "Maisha ya Pwani" linaweza kuwa la mapishi, la harusi, la siasa au la hoteli. Mtu akitafuta habari za mashua hatakufikia. Uite ukurasa kwa kazi yake, kwa mfano "Mashua na Majahazi ya Lamu", na chini yake useme kwa mstari mmoja wewe ni nani na unaandika nini. Badilisha sasa ukiwa bado mdogo, kwa sababu Facebook hulipitia jina jipya na inaweza kulikataa likionekana linawapotosha wafuasi waliokwisha kujiunga.

Mada huna haja ya kuzitunga. Wewe umekaa mahali ambapo watu wanauliza maswali siku nzima. Mkuku, ule uti wa chini wa chombo, wafaa mbao gani, na kwa nini mafundi wengi wanaupenda mti wa mbambakofi? Mataruma, zile mbavu za chombo, hupindwa vipi, au huchaguliwa mti uliokwisha kupinda wenyewe? Shahamu, ile dawa inayopakwa chini ya chombo, hutengenezwa na nini, na hupakwa lini? Kwa nini omo, yaani pua, ya mashua za Lamu imesimama wima, tofauti na vyombo vya kwengine? Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila misumari, kilitoweka vipi, na mfano wake ulioko Makumbusho ya Lamu unatuonyesha nini juu ya mshono wake? Kila swali ni makala moja. Weka daftari pale kiwandani. Mteja akimuuliza baba jambo, liandike kwa maneno yake mteja, maana msomaji naye atalitafuta kwa maneno hayo hayo.

Sasa uandishi wenyewe, na hapa ndipo nadhani makala yako ya kalafati ilipokwama. Facebook hukata maandishi marefu baada ya mistari michache na kumtaka msomaji abonyeze aone yaliyobaki. Mistari ile ndiyo inayoamua kila kitu. Vijana wengi huanza hivi: "Leo katika mfululizo wetu wa makala kuhusu utamaduni wetu adhimu wa pwani, ningependa kuzungumzia suala la kalafati." Mistari yote imeliwa na msomaji hajaambiwa kitu. Jaribu hivi: "Mashua ikianza kuingiza maji kati ya ubao na ubao, usikimbilie msumari. Tazama pamba kwanza." Mwenye mashua inayovuja hawezi kupita hapo. Ukishamshika, nenda moja kwa moja: namna ya kutambua pamba iliyochoka, namna ya kuitoa bila kuumiza ukingo wa ubao, mafuta gani yanatiwa, patasi ya kalafati inashikwaje, na makosa yanayofanywa na wanagenzi. Mweleze baba aonyeshe, wewe andika anavyosema. Aya zako ziwe fupi, kwa kuwa zinasomwa kwenye kioo cha simu, tena mara nyingi juani. Kila hatua iwe na picha yake ya karibu: mkono, chombo cha kazi, mshono. Picha ya mashua nzima kwa mbali inapendeza lakini haifundishi.

Urefu haudhuru. Watu husoma maneno elfu moja wakiwa na shida inayojibiwa. Kinachowachosha ni makala inayobeba mambo matatu. Ukiona umeanza na kalafati ukafika kwenye tanga na foromali, ule mti unaobeba tanga, zikate ziwe mbili.

Usiandike kila siku. Makala moja kamili kwa wiki, na katikati yake picha moja yenye swali fupi, inatosha. Zingatia pia msimu. Upepo wa kusi ukichacha na vyombo vingi vikawa vimepandishwa pwani, ndipo wenye navyo wanapofikiria matengenezo. Makala ya kalafati na shahamu yaweke wakati huo. Ya mashindano ya majahazi yaweke yanapokaribia. Kuhusu bando, andika kwenye simu bila intaneti, kisha upakie yote kwa mara moja. Facebook hupunguza picha kubwa, kwa hiyo zipunguze wewe mwenyewe hadi upana wa pikseli 2048 kabla ya kupakia. Kama mtandao nyumbani ni wa kusuasua, ukija mjini Amu tumia Meta Business Suite, programu ya wenye Facebook ambayo ni bure, upange makala zijitoe zenyewe siku na saa unayotaka.

Umeuliza uhamie kwengine. Usihame, lakini usiweke kazi yako yote mahali pamoja. Facebook yenyewe ilikuwa na sehemu iliyoitwa Notes, mahususi kwa makala ndefu, na watu waliifanya blogu zao. Mwisho wa Oktoba 2020 ikafungwa, hakuna aliyeweza kuandika mpya tena. Google+ ilifungwa Aprili 2019 na yaliyokuwamo kwenye akaunti za watu yakafutwa. Walioandika huko bila nakala walipoteza miaka ya kazi. Na hata mtandao usipofungwa, makala yako ya Facebook inazikwa na mpya baada ya siku chache, na kuifukua ni kazi. Kwa hiyo fungua blogu kwenye Blogger, ambayo ni ya Google na hailipiwi. Kila makala ukishaiweka Facebook, iweke na huko ikiwa na kichwa kinachotaja jambo waziwazi, kwa mfano "Namna ya kupiga kalafati mashua inayovuja". Mtu wa Tanga au Mafia akiandika maneno hayo kwenye Google mwaka kesho, anaweza kukufikia. Facebook weka makala nzima, halafu linki ya Blogger iweke kwenye maoni ya kwanza. Ukiweka linki peke yake, wengi hawatabonyeza. Na juu kabisa ya ukurasa bandika chapisho moja lenye orodha ya makala zako zote na linki zake, ulisasishe kila unapoandika.

Ongeza Chaneli ya WhatsApp, huduma iliyoanza mwaka 2023. Wavuvi wa Faza na Kiwayu wengi utawapata WhatsApp kuliko Facebook, na wafuasi wa chaneli hawaoni nambari za simu za wenzao kama ilivyo kwenye kikundi. Hapo weka mistari miwili na linki, basi.

Lugha: andika Kiswahili. Yaliyoandikwa kwa Kiingereza kuhusu Lamu ni mengi. Maelezo ya ufundi kwa Kiswahili, yaliyoandikwa na mtu aliyeshika patasi, ni machache sana, na wanaoyahitaji wako Vanga, Pemba, Unguja, Bagamoyo na Kilwa. Baadhi yao watakuwa na majina mengine kwa kitu kile kile. Waulize kwenye maoni, wakutajie ya kwao. Mazungumzo hayo yatafundisha wengine na yatasukuma makala mbele. Kiamu cha baba, lahaja yenu ya Lamu, usikisafishe. Mnukuu kama alivyosema, na pale unapoona mtu wa mbali atapotea, mfafanulie kwa maneno machache. Mtalii mwandikie aya moja ya Kiingereza kwenye maelezo ya ukurasa, pamoja na njia ya kuwasiliana akitaka kuja kuona kazi.

Kuna mawili hukuyauliza lakini siwezi kuyaacha.

La kwanza ni picha za watu. Lamu ni mji wa vichochoro, na ukinyanyua simu unamnasa mama aliyetoka zake kwa jirani, au watoto wanaocheza pwani. Heshima ya mji inatosha kukuzuia, na sheria nayo ipo. Hapa Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya KSh 4,550,000 kwa picha za watoto zilizowekwa bila idhini ya wazazi, na ukumbi mmoja wa starehe KSh 1,850,000 kwa picha ya mteja. Muombe mtu kabla ya kumpiga, na umwambie picha inakwenda wapi. Kwa mtoto, muombe mzazi. Mwenye chombo pia muulize kama anataka mashua yake ionekane ikiwa imefumuliwa.

La pili ni usalama wa ukurasa. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na thibitisho la pili, kwenye akaunti yako ya Facebook leo, kabla ya makala nyengine yoyote. Muweke ndugu mmoja unayemuamini awe msimamizi wa pili kwa akaunti yake mwenyewe, kwa sababu simu yako ikianguka majini au akaunti ikifungwa, ukurasa bila msimamizi mwengine unaweza kupotea kabisa. Na ukurasa ukianza kukua utapokea ujumbe wa vitisho unaojidai umetoka Facebook, ukisema umevunja hakimiliki na utafungwa ndani ya saa 24 usipobonyeza linki. Usibonyeze. Ni wezi wanaotafuta nywila yako, na wameshawapokonya watu wengi kurasa walizozijenga kwa miaka. Onyo la kweli utalikuta ukiingia mwenyewe kwenye mipangilio ya ukurasa.

Kuhusu pesa nitasema machache. Facebook ilifungua malipo kwa watayarishi wa Kenya mwaka 2024, lakini malipo hayo yanategemea kutazamwa kwa wingi sana, na somo lako ni la watu maalumu. Mtu mmoja wa Kilifi akiagiza mashua kwa baba yako baada ya kusoma makala zako, ameshinda kutazamwa mara elfu nyingi. Kwa hiyo pakua WhatsApp Business, ni bure, uweke humo picha za kazi zilizokamilika na mifano midogo ya majahazi mnayouza, na nambari hiyo uiandike mwisho wa kila makala. Tumia laini ya kazi peke yake, tofauti na ya nyumbani, maana watakupigia hata usiku wa manane.