Uliza Bibi Mkutubi: Barafu iliyoanguka uani

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mwaka jana wakati wa masika, ukuta wa jirani ulimwangukia dada yangu akiwa anaanua nguo. Alifariki palepale. Ameacha binti wa miaka 8, sasa namlea mimi. Wazee walikata shauri mtoto aambiwe mama amesafiri, na siku ya mazishi alipelekwa kushinda kwa majirani. Juzi kang'oka jino la mbele, akaniuliza, "Mama akirudi atanijua?" Nilikosa la kusema. Rafiki yangu anayesoma Ufini ameniambia kuna riwaya ya huko, ya mtoto aliyefiwa na mama kwa kuangukiwa na barafu kutoka angani. Je, inafaa nimsomee? Kiingereza nakisoma bila shida.
Mama Mdogo, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole sana kwa msiba, na ahsante kwa kumchukua mtoto.

Riwaya hiyo naijua. Inaitwa Taivaalta tippuvat asiat, yaani vitu vinavyoanguka kutoka angani. Mwandishi ni Selja Ahava, mwanamke aliyezaliwa 1974. Ilitoka 2015, na mwaka uliofuata ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Umoja wa Ulaya. Usimsomee mtoto. Msimulizi wake wa kwanza ni mtoto, lakini imeandikwa kwa ajili yetu sisi watu wazima. Isome wewe.

Mtoto huyo anaitwa Saara. Mwanzoni tu yuko kiti cha nyuma cha gari, baba anaendesha. Baba anamtazama kwenye kioo, anamuuliza anawaza nini huko nyuma. Saara anajibu hawazi kitu. Kisha anatueleza sisi wasomaji kwamba watu wazima hawaishi kuwauliza watoto wanawaza nini, ila wakijibiwa kweli wanaingiwa na wasiwasi. Mtoto wa miaka mitano, anasema, asiulize sana habari za kufa.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, nikatoka kukaa barazani.

Mama yangu alifariki Pangani nikiwa na miaka 9. Niliambiwa amevuka kwenda Bweni kwa ndugu zetu, ng'ambo ya mto. Basi kila siku nikitoka chuoni nilishuka kivukoni kumsubiri. Nilikaa juu ya jiwe, pantoni ikifika nawatazama wanawake miguuni, maana mama alikuwa na kandambili za buluu, ya kushoto imeshonwa kwa uzi mweusi wa nyavu. Sikumbuki nilikwenda siku ngapi. Nakumbuka mwenye kuuza mihogo pale alizoea kunipa kipande, wala hakuwa akinitazama usoni. Alijua. Mji mzima ulijua. Aliyekuja kuniambia ni mtoto mwenzangu, kisimani, nilipotia ndoo yangu mbele ya yake. Kwa hasira tu akasema, "Ndiyo maana mama yako alikufa." Nikarudi nyumbani na ndoo tupu. Bibi yangu aliponiona akajua nimejua, akaniambia niende nikanawe, tule.

Sikumchukia bibi, nashukuru alivyonilea. Lakini mwaka mzima baada ya hapo, mtu wa kwetu akiniambia jambo, hata kwamba wali umeiva, nilikwenda kufunua sufuria nihakikishe.

Ndiyo maana nakusihi umwambie binti yako, na umwambie wewe, kabla mtoto mwingine hajamwambia foleni ya bombani.

Kwenye riwaya Saara hakufichwa kama nilivyofichwa mimi. Anajua mama kafa. Alichonyimwa ni hadithi yenyewe. Barafu kubwa ilidondoka mchana wa kiangazi, anga jeupe, na hakuna mtu mzima anayeweza kumwambia kwa nini. Wanamwambia muda utaponya. Yeye anampenda mpelelezi Hercule Poirot, ambaye mwisho wa kila kisa huwakusanya watu na kueleza kila kitu kilivyotokea. Nyumbani kwao hakuna wa kuwakusanya watu. Na Saara hataki muda umponye, kwa sababu anaona muda ule ule ndio unaomchukulia mama. Kwa hiyo anamhifadhi kipande kipande, alivyokuwa na alivyofanya. Mambo madogo kabisa.

Wafini wana utenzi mkubwa, Kalevala, ambao Elias Lönnrot aliukusanya kutoka kwa waimbaji wa vijijini na kuuchapisha 1835, halafu akaurefusha 1849. Jan Knappert aliutafsiri kwa Kiswahili. Mna kijana anaitwa Lemminkäinen, aliyekatwakatwa akatupwa kwenye mto wa Tuonela, mto wa wafu. Mama yake anatengenezewa reki na mhunzi, anaingia mtoni, anaopoa mwili wa mwanawe pande kwa pande, anaunga mfupa kwa mfupa, na nyuki anamletea marhamu. Kwa Ahava mimi naona ni kazi ile ile, ila aliyeshika reki sasa ni mtoto na aliyemo mtoni ni mama. Na hapa hakuna nyuki. Sijui kama mwandishi alikusudia hivyo. Mimi niliyekaa kivukoni siwezi kukisoma namna nyingine.

Sehemu nyingine nakupitisha haraka. Kuna Annu, shangazi yake Saara, aliyeshinda bahati nasibu akanunua jumba kubwa, kisha akashinda tena, na ushindi wa pili ukamwangusha kitandani badala ya kumfurahisha. Anaanza kuandikiana barua na Hamish, Mskoti aliyepigwa na radi zaidi ya mara moja, kama kwamba wawili waliopatwa na yasiyowezekana watafafanuliana. Mara ya kwanza barua hizo zilinichosha. Baadaye anasimulia Krista, mke mpya wa baba, mjamzito, ndani ya nyumba ya zamani ambayo kuta zake zimejazwa unga wa mbao kuzuia baridi, kama Wafini walivyojenga zamani. Msome Krista taratibu. Wewe nawe umeingia kwenye nyumba ya mama wa mtu mwingine.

Sasa kuhusu kumwambia. Wazee waeleze kwanza, kwa adabu, lakini usiwaombe ruhusa mara tatu. Mtafute mtoto mchana, mkiwa na kazi ya mkono, mnachambua mchicha au mnasuka nywele, asilazimike kukutazama. Tumia neno "amekufa." Usiseme amelala, ataogopa kulala. Kwamba Mungu amemchukua ni imani yetu sote, ila kwa siku ya kwanza mtoto husikia kwamba na yeye atachukuliwa. Mwambie mvua ilinyesha siku nyingi, ukuta ukalowa, ukaanguka, mama alikuwa anaanua nguo. Kama katika zile nguo ilikuwamo sare yake ya shule, mwambie, asije akaisikia kwingine akadhani ni kosa lake, na hapo hapo umwambie si kosa lake. Mwambie pia kwamba mlimdanganya, na mnaomba radhi. Kisha mpelekeni kaburini.

Atakuuliza kama mama aliumia. Umesema alifariki palepale, basi jibu hivyo hivyo. Akiuliza kwa nini ukuta ulichagua dakika ile, sema hujui. Halafu mpe vipande. Dada yako alichekaje? Alipika nini vibaya? Aling'oka jino la kwanza lini yeye, na alilitupa wapi? Wewe ndiye mdogo wake, uliyelala naye kitanda kimoja. Hakuna mwingine mwenye hadithi hizo.

Tafsiri ya Kiingereza ilitoka 2019, kazi ya Fleur Jeremiah na Emily Jeremiah, mama na binti yake. Madukani kwetu sijaiona. Nakala yangu ina doa la chai katikati, lakini kurasa zote zimo. Mwachie mhariri jina la kampuni ya basi na namba ya kupokelea, nitakutumia Jumatatu. Ukimaliza usiharakishe kuirudisha. Niandikie kwanza alikuuliza nini.