Usidanganywe na majani ya muhogo

Mnaoanza kazi kwenye majaribio ya mihogo, nianze na aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza nilimpa mche mmoja alama 1, yaani safi kabisa: majani ya kijani, hayakujikunja, batobato (ugonjwa wa virusi unaoharibu majani) hakuna. Nikamkimbilia msimamizi kama mtu aliyeokota pesa. Akasema tu, "Ngoja tuung'oe." Tulipoung'oa na kukata mihogo yake, ndani ilikuwa na mabaka ya kahawia, mikavu kama gome. Ni ugonjwa mwingine wa virusi: michirizi kahawia.

Kosa langu lilikuwa kusema mche "una ukinzani" bila kujiuliza ukinzani wa nini. Ukinzani wa batobato mara nyingi unatokana na jeni iitwayo CMD2, iliyogunduliwa kwenye mihogo ya kienyeji ya Afrika Magharibi. Ni jeni moja, na inatawala: mzazi mmoja akiwa nayo, watoto wengi huipata. Ndiyo maana wazalishaji wa mbegu wanaipenda. Lakini kwa michirizi kahawia haisaidii kitu. Huko ukinzani hutokana na jeni nyingi, kila moja ikisukuma kidogo, na kuzikusanya kwenye mmea mmoja ni kazi ya miaka. Walioanza kazi hiyo kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, miaka ya 1930, walichanganya muhogo na ndugu yake wa porini, mti uitwao mpira wa Ceara, wakarudisha uzao kwa muhogo tena na tena. Aina ya muhogo iitwayo Namikonga ni tunda la kazi ile, na bado tunaitumia kama mzazi.

Tena, mche safi huenda umekosa tu inzi weupe wa kuuambukiza. Kwa hiyo pandeni mistari ya aina ya muhogo iitwayo Albert katikati ya majaribio. Albert huugua haraka; ukiona nayo imependeza, basi msimu huo hujapima chochote.

Siku ya kuvuna, kata kila muhogo wa mche, hata ule kidole unaoonekana hauna maana. Mmoja huwa mweupe pe, na jirani yake kwenye shina lilelile umeoza. Halafu andika alama siku hiyohiyo, hata kama jua limeshazama na gari linapiga honi. Mihogo ikilala siku mbili hujitia weusi yenyewe, na hapo utabaki unabishana na daftari lako.