Boksi Tupu Juu ya Kaunta

Mashine yangu ya kutengeneza mkate niliitumia mara saba. Hesabu naijua vizuri, kwa sababu nilinunua nayo pakiti kumi za hamira, na tatu zilibaki mpaka zikaharibika.

Mashine yenyewe haikuwa na kosa. Unatia maji, unga, chumvi na hamira, unabonyeza kitufe, na baada ya saa tatu na ushei mkate umeiva. Tatizo ni kwamba ilikaa juu ya kabati. Kuifikia nilihitaji stuli, na kuishusha nilihitaji mikono miwili na mtu wa kushika stuli. Siku nyingi, nikifikiria stuli ile, nilijikuta nimeshakanda unga kwa mkono.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilipima vibaya. Dukani nilikuwa nimeuliza kama itaenea. Ilienea, tena vizuri tu. Swali lilikuwa itaenea wapi, kwa sababu kifaa kilicho kwenye kaunta na kifaa hichohicho kikiwa juu ya kabati ni vitu viwili tofauti. Kama hakina mahali karibu na soketi, mahali ambapo kitalala na kuamka, mimi siku hizi nakihesabu kwamba hakina nafasi, hata kama nyumba nzima ina makabati.

Na nafasi yenyewe si ile ya kukaa tu. Kikaangio cha hewa moto hupumua kwa nyuma, kwa hiyo hukibani ukutani. Sentimita 10 hadi 15 ziache wazi. Sufuria ya presha hutoa mvuke juu, na kabati la mbao lililo juu yake litavimba. Vifuniko vinavyofunguka kwenda juu vina ujanja wao: vipimo vilivyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni vya kifuniko kikiwa kimefungwa. Kisha kuna nafasi ambayo hakuna anayeitaja, ya kuanikia vipande baada ya kuosha. Nilikuwa na mashine ya kukamulia juisi iliyokuwa na vipande sita na kichujio chenye matundu madogo kama vinyweleo. Juisi dakika mbili, kuosha dakika kumi na tano, halafu sinki lote limejaa plastiki. Kabla hujanunua, tafuta jinsi kinavyofunguliwa na kuoshwa. Mtu anaweza kuvumilia kifaa kikubwa, lakini kifaa kigumu kuosha atakikwepa mpaka akisahau.

Kuna ushauri unaorudiwa sana kwamba usinunue kifaa cha kazi moja. Mimi siukubali. Sufuria ya umeme ya kupikia wali ina kazi moja, na kwangu haipumziki. Uzuri wake ni kwamba inanisimamia chungu. Maadamu kuna maji ndani, joto halipandi zaidi ya nyuzi 100 hivi. Maji yakishanywewa na mchele, joto linapanda, kihisi kilicho chini kinaligundua na swichi inajirudisha. Toshiba walianza kuiuza Japani mwaka 1955, na mpaka leo zile za bei rahisi zinafuata wazo hilohilo. Kwa upande mwingine, nilikuwa na mashine ya kukatia mboga yenye visahani vitano na kazi kumi. Kisu kiliishinda kila siku.

Kwa hiyo swali langu limekuwa hili: kinafanya nini ambacho vyombo nilivyonavyo haviwezi? Sufuria ya presha inajibu bila kusita. Ikifungia mvuke, maji ndani yake hufika nyuzi 120 hivi, joto ambalo sufuria ya kawaida haitalifikia hata uongeze moto namna gani. Maharage makavu yanaiva kwa sehemu ndogo ya muda wa kawaida. Sufuria ya kupika polepole ni ya mtu anayetoka asubuhi na kurudi jioni, ila isikudanganye kwenye maharage mekundu: lazima uyaloweke, umwage maji hayo, kisha yachemke kwa nguvu jikoni kwanza, dakika 30 hivi, kwa sababu moto mdogo wa sufuria hiyo hauondoi sumu iliyomo kwenye maharage hayo. Kumbe ile sufuria ya kawaida uliyodhani umeistaafisha bado utaiosha.

Kikaangio cha hewa moto ni oveni ndogo yenye feni kali. Kama oveni yako ina feni, unaye ndugu yake tayari. Anayepikia mtu mmoja au wawili atafaidi, maana kidogo hupata moto haraka. Anayepikia watu sita atajaza kapu mara tatu huku chakula cha kwanza kikipoa. Kichomeke kwenye soketi ya ukutani, si kwenye waya wa kuunganishia, kwani vingi huvuta wati 1,400 na zaidi.

Siku hizi, kabla ya kununua chochote, nachukua boksi tupu, nalikata kwa vipimo vya kifaa, kifuniko kikiwa wazi, na kuliweka kwenye kaunta kwa wiki mbili. Kila siku ambayo ningekitumia kweli, napiga alama kwa kalamu. Boksi la sufuria ya presha lilipata alama tisa. La mashine ya aiskrimu lilipata mbili, na ya pili niliipiga kwa kulionea huruma. Kufikia siku ya nane lilikuwa limeshageuka mahali pa kuwekea funguo na vitunguu.

Mashine ya mkate nilimpa mdogo wangu. Yeye ana kona pembeni ya jiko, soketi ipo hapohapo. Usiku anatia vitu vyake, anaweka saa, anaamkia mkate. Nilimuuliza kama hakerwi na lile tundu ambalo kile kisu cha kukandia huliacha chini ya mkate. Akasema ndimo anamotia siagi.