Kabla hujatundika katuni yako ukutani: ushauri kwa dada anayeanza kuchora Mwanza

Nunua kwanza daftari dogo la A6 na penseli ya 2B. Wino na kalamu za bei vitafuata. Daftari kubwa huwafanya watu wajipange kama wanapigwa picha: ukilifungua pale Mwaloni, Kirumba, muuza dagaa ananyoosha mgongo na kutabasamu, na kile ulichokuwa umekiona kimeshapotea. La A6 linakaa kiganjani. Mpe kila mtu dakika moja au mbili, mistari kumi hivi, kisha andika pembeni maneno aliyoyasema kama alivyoyasema. Ukitaka kukaa muda mrefu mahali pamoja, msalimie mwenye meza, mweleze unachofanya, mwonyeshe daftari. Akikataa, funga na uondoke.

Kinachotafutwa katika michoro hii ni uzito wa vitu. Mama aliyebeba ndoo ya dagaa kichwani shingo yake imesimama wima, macho hayainami, na mwendo wote unatoka kiunoni kushuka chini. Anayeanza huchora ndoo imekaa juu ya nywele kama kofia, na mtazamaji anahisi uongo hata kama hawezi kuutaja. Vivyo hivyo abiria wa bodaboda aliyekaa upande, na konda aliyening'inia mlangoni kwa mkono mmoja: ukikosea mahali uzito ulipolalia, kichekesho hakisimami.

Watazamaji wa kando ya ziwa pia hawadanganyiki kuhusu vitu vyao. Ngalawa yenye matengo, yale magogo ya kando yanayoizuia isipinduke, ni ya pwani. Ukiichora Kirumba watacheka, lakini watakuwa wanakucheka wewe. Mitumbwi ya huku ni ya mbao zilizoungwa, mingi ina injini nyuma. Sangara ana mdomo mpana, taya la chini limetokeza, mkia wa mviringo. Sato ni mpana wa mwili na mdomo wake mdogo. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku na taa, na mbalamwezi ikiwa kali kazi hupungua kwa sababu taa haivuti dagaa vizuri. Ukichora mtumbwi wa dagaa chini ya mwezi mpevu, hakikisha huo mwezi ndio kichekesho chenyewe. Kuhusu Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani unaoitambulisha Mwanza, kila mtu analichora. Liweke pale tu ambapo jiwe lenyewe lina kazi katika hadithi.

Sasa suala la kuchora wanawake. Waliotufungulia njia nchini wengi ni wanaume: Christian Gregory na mhusika wake Chakubanga katika gazeti la Uhuru, Philip Ndunguru katika jarida la Sani, baadaye Gado na Masoud Kipanya. Jirani zetu Kenya wana Celeste Wamiru, mwanamke aliyechora katuni za maoni gazetini. Tumejifunza mengi kwa hao wote, lakini katika katuni nyingi za mitaani mwanamke bado ni makalio na mdomo ulio wazi, basi. Kutia chumvi ni haki ya mchora katuni, ila chumvi iwekwe penye maana. Mweka hazina mwenye wasiwasi, kuza vidole vyake vinavyoshika daftari. Mama lishe mwenye haraka, refusha mkono wa mwiko. Wewe umekaa kwenye vikao vya akina mama hao, umesuka kwenye vibaraza vyao. Una vitu vya kuchora ambavyo mwingine angelazimika kuvikisia, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutaka wasichana wengi zaidi waingie kwenye kazi hii.

Tuchukue mfano mmoja hadi mwisho. Kikao cha kikoba. Sanduku lina kufuli tatu na watunza funguo watatu, kila mmoja ameshika wake kifuani kwa heshima zote. Wazo la kwanza: sanduku lina tundu chini. Wazo la pili: mweka hazina anaingia na kanga mpya, na jina la kanga linasomeka SINA DENI NA MTU. Yote mawili yanachekesha, na hapo ndipo wengi wanaharibu, kwa kuyaweka pamoja. Jicho likifika kwenye tundu limeshacheka. Likikuta kanga linaanza kujiuliza, je, aliyetoboa ndiye huyu? Kicheko kinageuka kuwa hesabu. Chagua moja, la pili liwe katuni ya wiki ijayo. Ukichagua kanga, kumbuka ina pindo, mji (sehemu ya kati) na jina, na jina hukaa juu kidogo ya pindo la chini. Mgeuze mwanamke kidogo ili maandishi yaje mbele, na punguza maua ya mji, la sivyo herufi zitamezwa.

Chora michoro midogo sita hadi minane ya wazo hilo hilo, kila mmoja sentimita 5 kwa 7, kwa dakika tano tano. Badilisha nani yuko mbele, nani anaangalia wapi. Jambo la kushtukiza liwe upande wa kulia, maana tunasoma kutoka kushoto. Likikaa kushoto, umeanza na mwisho. Kisha onyesha mchoro uliouchagua kwa watu watatu, mmoja wao asiwe rafiki yako. Usiulize kama unachekesha, watakuonea haya. Uliza: "Hapa kunatokea nini?" Wawili wakieleza tofauti na ulivyokusudia, tatizo ni la mchoro, wala si la uelewa wao. Na usimweleze mtu kabla hajajibu.

Utani una sheria zake na ni vizuri kuzikumbuka. Mtani wako msibani anaweza kukujibu papo hapo. Mtu uliyemchora ukutani hawezi. Kwa hiyo anayetaniwa katika katuni awe na nguvu za kubeba: mkopeshaji wa kausha damu (mikopo ya riba kali), kiongozi wa kikao, mwenye gari. Mkopaji mwenyewe achekeshe kwa ujanja wake, asichekwe kwa shida yake. Lafudhi ya Kisukuma pia, ukiitumia kama kichekesho pekee, itachosha haraka na itaumiza.

Maneno ndiyo yanayowatesa wengi, kwa sababu Kiswahili kina maneno marefu. "Wanaotushughulikia" peke yake linaweza kujaza kiputo kizima, yaani lile duara la maneno ya mhusika. Andika maneno kwanza, kisha chora kiputo kuyazunguka. Ukianza na kiputo, herufi za mwisho zitabanana kama abiria. Ukilazimika kukata neno, kata kwenye silabi, na usitenganishe mb, nd, ng' wala sh. Afadhali zaidi ubadilishe sentensi. Maneno 12 kwa katuni ya picha moja yanatosha kabisa. Anayesema kwanza asimame kushoto au kiputo chake kiwe juu zaidi. Kwa mchoro wa A3 utakaotundikwa, herufi zisipungue milimita 7 kwenda juu, kwani watu husimama mita moja na nusu hadi mbili kutoka ukutani.

Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 hufaa rasimu tu. Wino huvuja na kusambaa. Tumia ya gramu 160 hadi 200. Kalamu za ncha 0.3, 0.5 na 0.8 zinatosha kuanzia: nene kwa vitu vya mbele, nyembamba kwa vya nyuma. Wino uwe ule usioyeyuka kwa maji. Kuhusu kalamu za rangi za bei nafuu, zijaribu kwanza: piga mstari, funika nusu kwa karatasi, bandika dirishani panapopiga jua kwa wiki mbili. Nyeusi nyingi hugeuka zambarau au kahawia, na mnunuzi atakayeiona ikibadilika sebuleni kwake hatarudi.

Anza kupiga wino kwenye herufi, halafu nyuso, halafu miili, mazingira mwisho. Ukiharibu herufi utakuwa hujapoteza kazi ya siku nzima. Weka kipande cha karatasi safi chini ya mkono, jasho linachafua. Usifute penseli kabla wino haujakauka vizuri: kiangazi nusu saa hutosha, wakati wa masika ipe saa mbili au zaidi, kwa kuwa hewa ya ziwani ina unyevu. Kichupa cha wino kisimamishe ndani ya bakuli zito au ukibandike mezani kwa utepe wa gundi, hasa nyumba yenye watoto.

Skani ni mahali kazi nzuri hufia. Steshenari nyingi zitakutolea PDF hafifu na mistari itakuwa ya kijivu. Omba 600 dpi (nukta kwa inchi) kwa kazi ya mistari mitupu, 300 kwa yenye rangi, faili la PNG au TIFF. A4 kwa 300 dpi inapaswa kuwa na pikseli 2480 kwa 3508. Angalia namba hizo kabla hujalipa. Ukituma kwa mhariri kupitia WhatsApp, tuma kama faili la kawaida, maana ukituma kama picha hubanwa. Mchoro wa gazeti uchore mkubwa kuliko utakavyochapwa, mara moja na nusu ya ukubwa huo, ukijua kwamba mistari myembamba sana itapotea ukipunguzwa.

Maonyesho sasa. Ukiwa na kazi 30, tundika 12 hadi 15. Piga hesabu ya ukuta mapema: fremu 12 za upana wa sentimita 50, zikiachana sentimita 20, zinahitaji mita 8 na sentimita 20. Katikati ya kila picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Ya kwanza karibu na mlango iwe isiyo na maneno. Mtu anacheka akiwa bado anatembea, na hiyo humvuta ndani. Zenye maneno mengi weka penye nafasi ya kusimama, na kazi mbili za mada moja zisikae jirani. Kadi ya maelezo, sentimita 10 kwa 7, ikae chini kulia: jina la kazi, mwaka, zana, bei. Jina lisitoboe siri. Ile ya kikoba ukiiita "Mweka hazina mwizi" umeshaiua. "Kikao cha Jumamosi" linatosha.

Kumbi nyingi hazikubali misumari. Mshipi wa nailoni wa kuvulia unapatikana kirahisi hapa, ni imara na hauonekani sana, lakini fundo lake huteleza: zungusha mara tano kabla ya kukaza, pima kwa kuning'iniza fremu usiku kucha nyumbani. Upepo wa mchana kutoka ziwani huingia madirishani na kupindua fremu, basi funga pia pembe za chini. Kioo kisitazamane na dirisha la magharibi. Saa kumi jioni mtazamaji ataona jua na uso wake tu.

Usiende ofisi isiyo yako kuomba kibali. Ukumbi ukiwa Nyamagana, nenda kwa afisa utamaduni wa Jiji la Mwanza. Ukiwa Ilemela, wa Manispaa ya Ilemela, ambayo ni halmashauri tofauti. Huko utaelekezwa pia taratibu za BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Hakimiliki inasimamiwa na COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, chini ya sheria Na. 7 ya 1999. Unapouza mchoro, andika kwenye risiti kwamba umeuza nakala halisi tu, na haki ya kuichapisha imebaki kwako. Bila maandishi hayo unaweza kuiona katuni yako kwenye fulana na ukapata taabu kudai haki yako.

Wapo watakaouliza nani alikuchorea. Msichana huulizwa hivyo zaidi. Weka meza ndogo ukumbini, na juu yake daftari la A6, michoro midogo yote ya katuni moja, rasimu ya penseli, na karatasi tupu uliyoanza kuichora. Kaa hapo, endelea kupiga wino. Wengi watakaa zaidi kwenye meza hiyo kuliko ukutani, na wengine watanunua rasimu, kwa hiyo ziwekee bei nazo.

Jioni ya mwisho piga picha kila kazi kabla ya kuishusha. Tenganisha michoro kwa karatasi safi, ilaze bapa kati ya hadibodi mbili, ifunge kwa nailoni mara mbili kama inavuka kwa kivuko kwenda Nansio, Ukerewe, na nyumbani iweke juu ya rafu, mbali na ukuta wa nje na sakafu ya saruji.