Kasoro ya mhusika lazima imgharimu

Ndugu, umeuliza kwa nini mkulima wa korosho wa Newala katika hadithi yako anawachosha wasomaji ilhali umeeleza wazi kwamba ana kiburi. Tatizo ni hilo hasa: umekieleza, hujakitumia. Kasoro isiyomgharimu mhusika ni pambo tu.

Kwanza onyesha ilivyomfaa. Labda aliwahi kupunjwa kwenye mizani, akagoma kusikiliza maneno ya mtu, na ugomvi wake ukamrudishia haki yake. Msomaji akiona hivyo, ataelewa kwa nini haachi.

Kisha kiburi kiamue mambo. Mwezi wa 6 mikorosho inaanza kutoa maua, kijana wa jirani anamwambia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu unaokausha maua, umeingia, apulize dawa ya salfa mapema. Anakataa, kwa sababu tu anayesema ni mtoto wa juzi. Maua yanakauka. Oktoba wenzake wanapeleka magunia ghalani kusubiri mnada, yeye anaokota korosho za kuhesabu, na ada ya binti yake haipo. Usilete mvua wala mwizi hapo; hasara itoke mkononi mwake mwenyewe.

Kwa hadithi fupi matukio 3 ya namna hiyo yanatosha, gharama ikipanda: aibu, fedha, halafu mtu anayempenda.

Futa ile "kasoro" ya pili, kwamba anafanya kazi kupita kiasi. Hiyo ni sifa iliyovaa kanzu ya kasoro. Na yale mawaidha ya shehe yanayombadilisha ukurasa wa mwisho, yaondoe: abadilike kwa tendo moja dogo, kama kwenda mwenyewe kubisha hodi kwa yule kijana.